Alituacha

Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Agosti, mwaka wa 2019, Ruiri iliamka na upepo. Ulikuwa ule upepo wa Agosti unaoteremka kutoka mlimani ukiwa mkavu na wa baridi, ukipuliza vumbi juu ya mashamba ya viazi na juu ya nguo zilizoanikwa. Mlima wenyewe ulionekana wazi, mweupe kileleni, kama mtu aliyenawa uso akakaa tayari kwa wageni. Mvua haikuwa na dalili. Wanawake waliokuja kusaidia kupika walisema hiyo ni neema ya Mungu, kwa maana hema lililokodishwa lilikuwa na matundu.

Karimi aliwasikia, akaitika "Amina" pamoja nao, kisha akaendelea kumenya viazi.

Alikuwa amekaa juu ya kigoda nyuma ya jiko la nje, mahali moshi ulipoelekea, na leso ameishusha mpaka kwenye nyusi. Siku hiyo watu wa Ishiara walikuwa wanakuja kuleta mahari ya binti yake, Mukiri. Na watu hao wa Ishiara, mzee kwa kijana, walijua kwamba mama mzazi wa Mukiri amekufa.

Ilikuwa hivi. Karimi aliondoka Ruiri Mukiri akiwa darasa la tatu. Kwaya ya kanisa lao ilialikwa Uingereza kuimba katika makanisa rafiki, mwezi mmoja tu, na kila mwanakwaya akapewa visa ya utalii ya miezi sita. Mwezi ulipokwisha, kwaya ikarudi. Karimi hakurudi. Alijiambia kwamba miezi sita ni miezi sita, atafanya kazi katika ile miezi iliyobaki ya kukaa kihalali, ingawa kazi yenyewe haikuwa halali, kisha atarudi na karo ya mtoto. Miezi sita ikaisha siku ya Jumatano. Alhamisi aliamka, akavaa koti, akaenda kumwogesha bibi kizee aliyekuwa akimtunza, na hakuna malaika wala askari aliyemsimamisha njiani. Ijumaa ikawa vivyo hivyo. Ndivyo dhambi za muda zilivyo: haziji na kishindo.

Tangu siku ile hakuweza kurudi nyumbani halafu aende tena, wala hakuweza kukaa bila kuogopa. Akichelewa basi, anaogopa. Akiona mtu mwenye sare, hata awe wa kukata tiketi, anavuka barabara. Kila Jumapili alipiga simu Ruiri. Mukiri alikuwa akiongea, halafu akawa anaitikia tu, halafu alipofika kidato cha pili akakataa kushika simu. Mama yake Karimi alipofariki, Karimi alitazama mazishi kwenye simu ya mtu, picha ikikatikakatika, akaona jeneza likishuka mpaka nusu, kisha akaona nyasi, kisha hakuona kitu.

Maafisa wa uhamiaji walimkamata akiwa anatupa takataka. Alizuiliwa katika jengo lenye televisheni isiyozimwa. Walimpigia mkalimani kwa simu, mama wa kutoka Pwani mwenye Kiswahili laini kama maziwa, kiasi kwamba Karimi, aliyejifunza Kiswahili kwa kiboko katika shule ya msingi, alijikuta anajibu "ndiyo" kwa kila swali ili lisirudiwe. Mwishowe alielewa jambo moja: ataondolewa, na kwa miaka kumi asikanyage tena huko. Ndani ya ndege aliketi katikati ya watu wawili wasiomchukia wala kumpenda. Mmoja alimpa peremende.

Hivyo alirudi mwezi wa sita wa mwaka huo wa mahari, na mfuko wa plastiki mkononi. Watu wa sokoni walimwita Mzungu kwa juma moja, wakachoka. Yeye hakuona aibu, na hilo ndilo lililomtisha kidogo, kwamba haoni kitu. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unaushika kwa mkono, lakini hausikii. Kila asubuhi alipiga magoti kama alivyofundishwa na mama yake, akasema "Baba," halafu asijue la kuongeza. Alikaa hapo na lile neno moja mpaka magoti yakauma, akainuka akaenda kuteka maji.

Basi habari ya kufa kwake ilitoka wapi? Ilitoka katika neno moja.

Watu wa Ishiara walikuja mara ya kwanza mwaka uliotangulia, kubisha hodi tu, kama desturi inavyotaka. Mukiri alikuwa amekutana na kijana wao Ndambiri chuoni, mjini Embu. Sasa, Kimeru cha Ruiri na Kimbeere cha Ishiara ni ndugu, lakini ni ndugu walionuniana: kila mmoja anasikia nusu ya anayosema mwenzake. Kwa hiyo, kwa heshima, siku hiyo pande zote ziliongea Kiswahili, lugha ambayo hakuna aliyeinyonya kwa mama yake. Mzee Mbae, baba wa kijana, akauliza kwa upole kama watamsalimu mama mzazi wa msichana. Cicily, mke wa Kiogora kaka yake Karimi, ndiye aliyemlea Mukiri, na ndiye aliyekuwa amesimama pale na birika la chai.

"Alikwenda Uingereza, mzee," Cicily akasema. "Alituacha."

Alitaka kusema kwamba aliondoka, akawaacha na mtoto. Alikuwa na zaidi ya kusema, na pengine kwa uchungu. Lakini Mzee Mbae alikwisha kuvua kofia. Wenzake wote wakavua. Mzee akafumba macho, akamwomba Mungu ampumzishe mama huyo mahali pema, aliyefia ugenini mbali na watu wake, na amfute machozi yatima wake. Aliomba kwa muda mrefu, maana ni mzee wa kanisa, tena mwombaji wa kweli. Na ni nani anayemkatiza mtu akiwa katika maombi? Cicily alisimama na birika lake likimchoma kiganja. Iliposemwa "Amina," ikaitikiwa na watu wote. Chai ikamiminwa. Neno likapita, likaketi, likawa kweli.

Mukiri alikuwa chumba cha pili akisikia yote. Hakutoka kusahihisha. Ndambiri alipompa pole jioni ile, alijibu, "Asante."

Siku mbili kabla ya mahari, Kiogora alimfuata Karimi kisimani. Alikuwa mtu mwema, lakini mwoga wa aibu. Alizunguka sana: akasema habari za bei ya vitunguu, akasema habari za shangazi yao anayeishi Muthara, kwamba hajaonekana siku nyingi na angefurahi kutembelewa. Karimi akamsubiri afike.

"Mzee Mbae ni mtu mkali wa ukweli," Kiogora akasema hatimaye. "Akijua tulimwacha akaomba juu ya uongo, atachukua wanyama wake arudi. Msichana atabaki amechekwa mara mbili. Hatukufikiri utarudi, dada."

"Najua."

"Ni siku moja tu."

Karimi alimwambia kwamba kwenda Muthara si lazima. Atakaa jikoni amenye viazi. Jikoni hakuna anayemuuliza mtu jina. Kiogora alimtazama kama anayetaka kugombezwa, alipoona hagombezwi akachukua mtungi wa maji akambebea, jambo ambalo wanaume wa huko hawafanyi hadharani.

Mukiri naye alifika Ijumaa kutoka Embu. Tangu mama yake arudi walikuwa wameonana mara chache, wakasalimiana kwa mkono. Mukiri alimwita Cicily "mama". Kwa Karimi hakutumia jina lolote. Kama alihitaji kumwambia jambo, alikuja mpaka mbele yake akaanza tu kusema.

"Kesho utakuwa wapi?"

"Jikoni."

"Sawa." Akafika mlangoni, akasimama bila kugeuka. "Usikae upande wa moshi. Utaumia macho."

Na sasa Karimi alikuwa amekaa upande wa moshi.

Wanawake wa kwaya ndio waliokuwa wakipika. Tangu mwaka ule kwaya haikualikwa tena popote nje ya nchi, na kila mmoja wao alijua sababu. Hawakumtukana. Mama Mwongera, aliyekuwa mwimbaji wa kwanza, alimwangalia jinsi anavyomenya akasema, "Ganda hilo unalitoa na nusu ya kiazi. Huko mlikuwa mnakula maganda au viazi?" Wengine wakacheka. Karimi naye akacheka kidogo, kwa adabu, akakata ganda jembamba zaidi.

Saa nne kukasikika nyimbo kutoka barabarani. Wageni wamefika langoni. Wanawake wa Ruiri waliacha miko wakakimbia kufunga lango, kwa maana mgeni wa mahari hafunguliwi kama mchukuzi wa maziwa. Karimi alibaki na sufuria zote peke yake, akisikia majibizano kwa mbali, upepo ukiyaleta na kuyapokonya.

"Mmetoka kwenye jua la Ishiara, mnatafuta kivuli?" sauti ya Mama Mwongera ikauliza.

"Tumesikia Wameru mna hasira," mwanamke wa upande wa pili akajibu. "Tumeleta asali tuwapoze."

"Asali ya nyuki au ya sukari?"

"Fungua uonje. Ulimi wako mrefu, utaifikia tu!"

Kicheko kikavuka ua. Lango likafunguliwa, vigelegele vikapanda. Kondoo akalia. Karimi akachochea moto.

Hakuyaona yaliyofanyika hemani, lakini aliyajua: kondoo jike na kondoo dume, pipa la asali, ng'ombe aliyeahidiwa kwa maneno na bado kungojewa aje kwa miguu, koti la mjomba na blanketi la mama. Aliposikia watu wakipiga makofi alihesabu moyoni kwamba sasa ni hiki, sasa ni kile, kama mtu anayesikiliza mpira redioni bila kuwa na timu.

Hapo akaingia jikoni mwanamke mnene mwenye kitambaa cha rangi ya samawati kichwani, akitembea kwa kuegemea ukuta. Aliomba maji ya moto ya kumezea dawa. Karimi akampa kigoda chake, akampa maji, akachuchumaa yeye.

"Mimi ni Njoki, mama Ndambiri," mgeni akasema. "Magoti yangu hayapendi viti vya plastiki. Huku kwenu kuna baridi, ee. Mnaishije?"

"Tumezoea."

"Na wewe ni wa hapa hapa?"

"Wa hapa."

Njoki akameza dawa, akakunja uso, akaanza kuongea kama wanavyoongea watu waliopewa kigoda na mtu mkimya. Akasema wamefurahi, msichana ni mpole na anajua kazi. Akasema habari ya blanketi: atafunikwa nalo Cicily, na hiyo ni haki, kulea ni kuzaa. Kisha akashusha sauti.

"Lakini yule aliyemzaa namwonea huruma. Mimi nilimpoteza mama yangu nikiwa mdogo kuliko huyu. Kila jioni namwombea msichana huyu, na mama yake namtaja. Wewe ulimjua?"

Kisu cha Karimi kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Nilimjua."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Karimi alifikiri kwa uaminifu. Lilikuwa swali la kweli na hakuna aliyewahi kumuuliza, hata wale maafisa walioandika kila kitu.

"Alikuwa anaimba sauti ya pili," akasema. "Alikuwa anampenda mtoto wake. Na alikuwa mtu wa kusema kesho."

"Hao ni wengi," Njoki akasema, akapangusa jicho kwa pembe ya kitambaa. "Basi mzee wangu amesema hatuwezi kumchukua mtoto wa marehemu kimyakimya, kama wezi. Kabla ya kula tutaenda kaburini, tuombe, tumwambie mama mtu kwamba tumekuja vizuri. Kaburi liko upande gani?"

Kiogora hakuwa amesema habari ya kaburi, maana naye hakujua kwamba litaulizwa. Karimi alinyoosha mkono wenye kisu. Ulionyesha nje, ng'ambo ya mahindi yaliyovunwa, penye kaburi moja tu katika shamba lile, kaburi la mama yake. Mkono ulikwenda wenyewe. Njoki akashukuru, akainuka kwa kuugua, akambariki, akatoka.

Karimi akamaliza kile kiazi, akakitia majini.

Haukupita muda, akaona hema linamwagika. Wazee mbele, wanawake nyuma, vijana wameshika vikofia vyao, Mukiri katikati akiwa na nguo ya kijani na mikono ameikunja kifuani. Kiogora alitembea kama mtu aliyeshikwa ukosi. Kumbe Mzee Mbae alikuwa amelitoa ombi lake mbele ya watu wote, na hakukuwa na mtu mwenye ulimi wa kumkatalia. Cicily alikuwa nyuma kabisa, na blanketi jipya bado limekunjwa chini ya kwapa lake. Alipopita jikoni alimtazama wifi yake. Alitaka kusema kitu. Akalibana blanketi, akapita.

Karimi akajifuta mikono akawafuata, kama wapishi wengine walivyofuata.

Tangu arudi hakuwa amefika penye kaburi lile. Alikuwa akisema atakwenda. Sasa alisimama nyuma ya migongo ya watu akaliona katikati ya mabega: lundo la udongo lililodidimia, msalaba wa mbao ulioliwa na mchwa, jina halisomeki tena. Alingoja ahisi kitu. Upepo ukavuma, vumbi likaingia machoni mwa watu, wakapangusa.

Mzee Mbae akavua kofia.

"Bwana Mungu wetu," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "tumesimama mbele yako na mbele ya mama huyu uliyemchukua." Akafungua jicho moja. "Muthoni," akamwambia Kiogora, maana ndivyo wakwe wanavyoitana, "mama huyu aliitwa nani? Siku zote nimemtaja mbele za Mungu kama mama Mukiri tu. Leo nimwite kwa jina lake."

Kiogora akakohoa. Cicily alikuwa amefunika uso kwa blanketi. Mukiri aliangalia chini. Kiogora akafungua mdomo, na Karimi aliyemjua kaka yake tangu wakichunga pamoja aliona, kama anavyoona mtu jiwe likidondoka, kwamba Kiogora anakwenda kulitaja. Ataitwa Karimi mbele za Mungu, katika wafu, na watu hawa wote wenye moyo safi wataitika amina. Yeye mwenyewe, kwa mazoea, angeitika.

"Karimi," akasema kabla kaka yake hajasema.

Watu wakageuka kutafuta sauti.

"Karimi wa nani, mama?" Mzee Mbae akauliza, bado kofia mkononi.

"Karimi binti Mithika. Aliyelala hapo ni mama yangu. Mama Mukiri ni mimi, mzee. Sikufa."

Hakulisema kwa nguvu. Alilisema kama mtu anayejibu jina darasani. Akaisukuma leso nyuma kutoka kwenye nyusi, kwa kuwa ilionekana ni adabu kuonyesha uso.

Kondoo wa mahari akalia kule hemani. Kisha Mzee Mbae akaivaa kofia polepole, akamgeukia Cicily, akamuuliza bila ukali kama si yeye aliyewaambia kwamba mama huyu aliwaacha.

"Nilisema alituacha," Cicily akasema huku akilia. "Alituacha, mzee. Alipanda ndege akatuacha. Wewe ukaomba. Ningekunyamazishaje ukiwa unaomba?"

Mzee akatafakari jambo hilo. Mdomo wake ukacheza pembeni.

"Kwa hiyo mimi, tangu mwaka jana, namwombea mtu aliye hai pumziko la milele."

"Na Mungu anashangaa," Njoki akasema, "mbona huyu wanayesema ameshakuja sijampokea."

Watu wawili watatu wakacheka kwa woga. Lakini ndugu wa Mzee Mbae, jina lake Mbogo, mtu mrefu mwenye fimbo, hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wao, na sasa akagonga fimbo chini. Akasema haya si mambo ya kuchekea. Neno linaweza kukosewa siku moja, lakini huyu alikuwa jikoni leo, na watu wa nyumba hii walikuwa wakiwaongoza kaburini kwa miguu yao. Nyumba inayoweza kumzika mtu akimenya viazi itawaficha nini kingine? Na huyu mama, kwa minong'ono aliyoisikia sasa hivi kwa wanakwaya, alikwenda mwezi mmoja akakaa miaka yote hiyo, mpaka akatupwa nje. Je, hilo halimo katika damu? Wakimchukua msichana huyu, kesho naye akapata visa, wao Ishiara watamwambia mtoto wake nini?

"Turudi na wanyama wetu," Mbogo akasema. "Asali wabaki nayo. Hairudishwi."

Kiogora aliangalia viatu vyake. Ndambiri, kijana mwenyewe, alipiga hatua moja kuelekea kwa Mukiri, akakumbuka baba zake wapo, akasimama. Karimi aliona jinsi rangi inavyotoka usoni mwa binti yake. Alijua kwamba yeye ndiye aliyefanya hivyo, sasa hivi, kwa neno moja, baada ya kufanya vingine vyote. Alijua kama mtu anavyojua saa. Maumivu yenyewe alikuwa akiyasubiri, lakini hayakuja.

Mzee Mbae akamwinulia ndugu yake mkono. Akamwita Mukiri karibu, akamuuliza swali moja kama baba.

"Mwanangu. Mama huyu ni nani wako?"

Mukiri alishusha mikono kutoka kifuani. Upepo ulimchezea nguo. Alimwangalia Cicily, akaliangalia kaburi la bibi yake, halafu akamwangalia Karimi, kwa mara ya kwanza bila kuhamisha macho.

"Ni mama yangu," akasema. "Aliniacha."

Hapakuwa na mtu pale ambaye hakulielewa neno hilo safari hii.

"Na uliponyamaza siku ile nikiomba?"

"Nilitaka iwe hivyo, baba. Aliyekufa hukuacha bila kupenda." Akamwonyesha Cicily kwa mkono. "Si kosa la mama Cicily. Ni langu. Kama mnarudi na wanyama, rudini. Lakini msiombe hapa tena kwa ajili yake. Yuko hai."

Mzee Mbae akavuta pumzi ndefu. Akamwambia Mbogo kwa Kimbeere maneno machache ambayo watu wa Ruiri walisikia nusu yake, na nusu hiyo ilitosha: kwamba uongo ulioungamwa penye kaburi ni bora kuliko ukweli unaosukumwa kwa fimbo. Mbogo akanung'unika kwamba yeye haondoki na maneno matupu. Mzee akasema hilo ni haki. Kisha akarudi kwenye Kiswahili ili wote wasikie.

"Marehemu haulizwi kitu. Aliye hai huulizwa. Mama Mukiri, simama hapa mbele. Sitaki mbuzi wa faini, sitaki maelezo ya serikali za watu. Mtoto huyu tutampeleka Ishiara, ni mbali na ni joto. Sisi tutamwambia wewe ni nani kwake? Sema kwa mdomo wako, mbele ya mama yako aliyelala hapa na mbele ya hawa wote."

Watu wakampisha. Karimi akasogea mpaka ukingoni mwa kaburi. Mikono yake ilinuka moshi na viazi vibichi. Alifikiri kwamba mtu katika hali hii angepiga magoti, angelia, na watu wangeelewa. Ingekuwa rahisi kwa wote. Alijaribu kuyatafuta machozi kama mtu anayepapasa mfukoni. Hayakuwapo. Akasema moyoni, "Baba," na kama kawaida neno likabaki peke yake. Safari hii hakulisubiri likamilike. Alimgeukia Mukiri.

"Nisikudanganye," akasema. "Sina kitu moyoni sasa hivi. Umekufa ganzi, na sijui utaamka lini. Sikuombi uniite mama. Blanketi ni la Cicily, nami nitamshukuru mpaka nife. Lakini miguu ninayo. Siku ya harusi yako nitakuwa kanisani kabla hawajafungua mlango, hata nikae nyuma. Ukijifungua, uji wako nitaubeba mimi, kutoka hapa mpaka Ishiara. Ukiniita, nitakuja. Usiponiita, nitakuja vilevile, nisimame langoni mpaka mnifungulie. Mzee Mbae umesikia, Kiogora umesikia, na mama yangu amesikia. Ninaahidi."